Fundi Aliyekosa Chaki Mgongoni

Murty Considine alikuwa na makoti mawili ya kwendea kanisani, yote ameyashona kwa mkono wake. Moja la kijivu, jingine jeusi tii. Mwaka mzima alivaa la kijivu, kwa sababu lile jeusi lilimbana kwapani, na yeye, fundi mzima, hakuwahi kupata nafasi ya kulilegeza. Lakini Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mvua inyeshe isinyeshe, alitoka na lile jeusi. Mtoto mdogo wa parokia yetu ya Kilfarna angekwambia kwamba anayetaka kuficha chaki mgongoni haendi kuvaa koti jeusi. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumuuliza, maana siku hiyo watu walikuwa na kazi ya kucheka, na kucheka na kufikiri havikai kichwa kimoja.

Habari ya chaki ni hii. Kanisa halifungishi ndoa ndani ya Kwaresima. Anayetaka kuoa aoe kabla ya Jumatano ya Majivu. Akishindwa, asubiri Pasaka na aibu yake. Na parokia yetu haikuwa na tabia ya kuiacha aibu ya mtu ikae moyoni alikoificha. Jumapili ile vijana walijipanga langoni mwa kanisa na vipande vya chaki walivyoviiba shuleni, na kila kapera na kila mwanamke asiye na mume aliyepita alichorwa mgongoni: mstari, au msalaba, au picha ya kitu kilichofanana na punda. Padri alikemea jambo hilo mimbarani kila mwaka, na kila mwaka alirudi sakristia joho lake limechorwa, kwa sababu naye, ukitazama vizuri, hakuwa na mke.

Murty alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alikuwa amechorwa mara ishirini na saba.

Usimhurumie haraka. Sura hakuwa mbaya, kazi alikuwa nayo, na nyumba yake ilikuwa na paa lisilovuja ila upande mmoja. Tatizo lake lilikuwa la kalenda. Tangu Sikukuu ya Mamajusi, mapema Januari, hadi Jumatano ya Majivu ndio msimu wa kuoana, na kila bwana harusi wa parokia tatu alitaka suti, na kila baba wa bwana harusi alitaka suruali yake ipanuliwe kiunoni. Murty alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Alipoinua kichwa, Kwaresima ilikuwa imeingia. Ukimuuliza kwa nini haoi, alikujibu kwa uchungu wa mtu aliyeonewa:

“Nioe lini? Msimu wa kuoa ndio msimu wangu wa kazi!”

Mganga hajigangi. Alikuwa amewavisha watu suti za harusi, kisha akawavisha wana wao, na mwaka ule alianza kumpima kijana mmoja ambaye babu yake pia alikuwa mteja.

Halafu palikuwa na mama. Bibi Honor Considine aliishi miaka tisini na mmoja, na alipenda kusema kwamba wanawake wawili jikoni ni paka wawili ndani ya gunia. Alipofariki, parokia nzima ilirudi kutoka makaburini ikisema, sasa Murty ataoa. Murty akanunua cherehani mpya.

Hakuna sikukuu iliyompitia mwanamume huyu bila kumchokoza. Kwenye mkesha wa Watakatifu Wote kila nyumba huoka mkate wa zabibu wenye vitu ndani yake. Anayeuma pete ataoa mwaka huo, anayeuma kifungo atabaki kapera. Murty aliuma kifungo miaka saba mfululizo. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, vyote saba alivishona kwenye kizibao kimoja.

Mkate huo aliula nyumbani kwa Marrinan, pale njia panda, ambako Delia Marrinan aliishi na kaka yake Packie. Delia alikuwa na miaka arobaini na mitano, mrefu, mwenye mikono mikubwa na ulimi usio na haraka. Yeye ndiye aliyeoka na yeye ndiye aliyekata. Aliyeoka mkate anajua pete iko wapi, hata akiapa kwa watakatifu wote kwamba hajui. Oktoba iliyopita alikata kipande kimoja kinono akakisogeza mbele ya Murty, akaigeuza sahani mpaka kipande kikamtazama. Murty alikiona ni kikubwa kuliko vya wengine. Alikuwa amelelewa vizuri, maskini.

“Hapana, hapana,” alisema, “Packie ndiye aliyeshinda shambani kutwa,” akakisukuma kwa Packie.

Packie akauma pete. Delia alinyanyuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nasi huku tunacheka kwamba hizi ni imani za vikongwe! Kufika Krismasi Packie Marrinan, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kutazama kitu kisicho na kwato, alikuwa amemchumbia Una Hehir wa ng'ambo ya mlima. Kufika Mamajusi siku ya harusi ilikuwa imepangwa. Una alikuwa msichana mwema na hakumwambia Delia neno lolote baya. Lakini jiko ni moja, na kwetu bibi harusi akiingia, dada wa mume hutafuta pa kwenda. Hakuna anayemfukuza. Anaanza tu kuona kwamba kila kijiko anachokitafuta kimehamishwa. Dada yao mkubwa aliandika kutoka Boston, na ndani ya barua mlikuwa na tiketi ya meli. Meli ingeng'oa nanga wiki moja baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, katikati ya Kwaresima, na Delia angekuwa ndani yake.

Murty alizisikia habari hizo akiwa amepiga magoti mbele ya Packie, anampima suruali ya harusi. Akaandika kipimo kisicho sahihi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Murty mwenyewe hakuwahi kulisema. Kila Jumapili ya Chaki, kwa miaka kumi na mmoja, baada ya Misa alipitia kwa Marrinan na koti lake jeusi limechorwa vibaya, akasimama mlangoni na uso wa mtu aliyeibiwa.

“Tazama walivyonifanya, Delia. Na mimi burashi sina.”

Fundi hana burashi! Lakini Delia hakuhoji. Alishusha ya kwao kwenye msumari, akamwambia ageuke, akampiga burashi polepole kuanzia mabegani kwenda chini, akiwatukana vijana wa siku hizi kwa sauti ya upole. Kazi ya dakika mbili ilichukua robo saa. Kisha chai, kisha mkate, kisha maneno ya hapa na pale mpaka ng'ombe walipolia kutaka kukamuliwa. Murty alirudi nyumbani akipiga mluzi. Jumapili zake za mwaka mzima zilikuwa zimesimama nyuma ya ile moja zikisubiri zamu.

Sasa Delia anaondoka, na kati ya Murty na maisha aliyoyataka palikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Wewe na mimi tungeisema. Au labda tusingeisema, sijui. Kila mtu ni shujaa kwa ulimi wa mwenzake.

Packie alioa Jumanne, siku ya mwisho kabla ya Majivu, siku ambayo padri hufungisha ndoa kama mtu anayekimbizana na mvua. Mchana kutwa nyumba ya Marrinan ilijaa watu, na kwenye jiko la mboji, ule udongo mkavu tunaouchoma badala ya kuni, kikaango kilikuwa tayari kwa chapati za maji, maana siku hiyo mayai na siagi yote lazima yaishe kabla ya mfungo. Desturi ni kwamba chapati ya kwanza hurushwa na mwanamke mkubwa wa nyumba asiye na mume. Ikigeuka vizuri hewani na kuangukia kikaangoni, ataolewa kabla mwaka haujaisha. Ikianguka chini, pole yake.

Delia alikunja mikono ya gauni. Chapati ikapaa, ikageuka mara moja kwa madaha, ikatua katikati ya kikaango kwa sauti ya kofi dogo. Watu wakapiga makelele, na macho yote, kama yaliyovutwa na uzi mmoja, yakamgeukia Murty Considine.

Na Murty alikuwa amejiandaa! Wiki mbili alikuwa ameyasema maneno yale njiani, kwa ng'ombe, kwa nguzo za ua, kwa cherehani. Alisimama. Alifungua kinywa. Akamtazama Delia, na Delia, kikaango mkononi na uso mwekundu kwa moto, akamtazama yeye.

“Packie,” Murty alisema, “hiyo suruali imekukaa sawa kiunoni?”

Bibi Nonie Honan, jirani mjane ambaye alikuwa amewazika waume wawili na hakuona ugumu wa jambo hilo, alipiga goti lake kwa kiganja.

“Mvumilivu hula mbivu, Murty mwanangu,” alisema, “ila wewe zako zinaozea mtini.”

Walicheka mpaka Una wa watu akalazimika kuketi. Delia hakucheka. Alimwekea Murty ile chapati kwenye sahani, akaendelea kukaanga.

Basi ikabaki Jumapili. Murty alijipa moyo kwamba hata ndoa ikishindikana kabla ya Majivu, maneno hayakatazwi ndani ya Kwaresima. Angekwenda na koti lake, Delia angemwambia ageuke, na huku amegeuka, asipoona uso wake, angeisema ile sentensi ukutani. Aliona huo ndio mpango bora aliowahi kuupanga. Alilala usingizi mzuri.

Misa ilipokwisha alitoka na lile koti jeusi limembana kwapani, akatembea polepole kuelekea langoni ambako kelele zilikuwa zimeshaanza. Mbele yake akina dada wawili wa Honan walichorwa wakapiga mayowe ya furaha. Mwalimu mkuu alichorwa punda. Murty akapunguza mwendo. Alipofika katikati ya vijana aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri, akauacha mgongo wake wote wazi juani, mpana, mweusi, umepigwa pasi. Akahesabu hadi kumi. Akaifungua kamba akaifunga tena.

“Habari za asubuhi, Bwana Considine,” kijana mmoja alimsalimu kwa adabu kubwa, akampisha.

Murty hakupenda ile adabu. Alipofika kwenye kona ya ukuta wa mawe, mahali ambapo kila mwaka alivua koti kutazama walichomchora, alilivua, akaligeuza. Mgongo ulikuwa safi. Akalitazama upande wa mikono. Akatazama, mtu mzima, hata ndani kwenye bitana.

Hapo alimkumbuka marehemu Sonny Honan. Mwaka ambao Sonny alitimiza sabini bila mke, vijana walimwacha apite. Alisimama langoni muda mrefu, kisha akaenda zake, na kabla ya viazi kuchimbwa tukamzika. Hakuna aliyesema kwamba alikufa kwa kukosa chaki, lakini hakuna aliyekataa pia. Huchorwi eti kwa sababu tu huna mke. Unachorwa kwa sababu bado inawezekana ukampata. Siku wanapoacha kukuchora, parokia imekaa, imefikiri, imekufuta kwenye orodha. Murty alikaa juu ya ukuta na koti mapajani na akaona uchungu ambao hakuwahi kuuona hata siku ya kumzika mama yake. Miaka ishirini na saba alikuwa amelalamika kuhusu chaki ile. Sasa angelipa suti nzima, na bitana ya hariri, kwa mstari mmoja uliopinda.

Na juu ya yote, angekwendaje kwa Delia? Angesema nini mlangoni? Mtu na koti safi ana shida gani?

Alikwenda nyumbani. Alilitandaza koti juu ya meza ya kukatia, akalinyoosha kwa kiganja, akaingiza mkono mfukoni, akatoa chaki. Usiniulize kama aliona aibu. Aliona. Alifunga pazia ili hata kuku wasimwone. Kisha akachora msalaba mkubwa, bega kwa pindo, bega kwa pindo, akarudi hatua moja nyuma akaitazama kazi yake kwa jicho la kifundi, akaridhika. Akalivaa koti kwa uangalifu, akatoka.

Njiani alikutana na Bibi Nonie Honan.

“Wamekupata tena!” Nonie alifurahi. “Ah, Murty! Nami nilifikiri mwaka huu umewaponyoka.”

“Hawana adabu hata kidogo,” Murty alisema, na moyo wake ukachangamka. Alikuwa ameshafika mbali aliposikia kimya cha Nonie nyuma yake, kile kimya cha mtu aliyesimama kutazama kitu kwa makini. Hakugeuka.

Bwana na bibi harusi walikuwa wamekwenda kula kwa wazazi wa Una, na Delia alikuwa peke yake uani, bado amevaa koti lake la kahawia la kanisani, anawatupia kuku makombo. Alimwona Murty akiingia getini akasimama wima.

“Umekuja,” alisema.

“Tazama walivyonifanya, Delia,” Murty alisema, akageuka. “Na mimi burashi sina.”

Alisubiri kusikia hatua zake zikiingia ndani kufuata burashi. Zilikwenda, zikarudi. Akasubiri burashi iguse bega. Haikugusa. Sasa, alijiambia, sasa, huku huoni uso wake. Ukuta wa banda ulikuwa mbele yake umesimama tayari kusikiliza.

“Nani amekuchora?” Delia aliuliza.

“Vijana.”

“Vijana gani?”

“Wale wa langoni. Si unawajua? Wale wale.”

“Murty.” Alihisi kidole kikipita mgongoni mwake, toka bega la kushoto, kikishuka taratibu. “Huu mstari umenyooka.”

“Labda mwaka huu wametulia.”

“Umenyooka kama uliopigwa rula. Na mwembamba. Chaki ya shule haichori hivi, hii ni chaki ya fundi.” Kidole kikasimama kiunoni. “Na kuna mstari mwingine pembeni yake, upana wa kidole, toka juu mpaka chini. Murty Considine, hata nafasi ya mshono umeiacha.”

Mikono ina mazoea yake. Miaka thelathini na tano haikuwahi kuchora mstari mmoja bila mwenzake, na leo haikuulizwa.

Masikio ya Murty yalikuwa mekundu kiasi kwamba kuku mmoja alikuja kuyatazama.

“Tena nilijua kabla sijauona,” Delia aliendelea. “Vijana walikuja jana kuniuliza mwaka huu wakuchore nini. Nikawaambia, mwaka huu mwacheni.”

Hapo Murty aligeuka, mpango wa ukuta ukafa.

“Wewe? Ni wewe umewaambia? Unajua nimekaa juu ya ukuta pale konani najiona maiti? Nimemfikiria Sonny Honan, Delia! Kwa nini unifanyie hivyo?”

“Nilitaka kujua kama utakuja bila chaki.”

“Basi si nimekuja!”

“Umekuja na chaki.”

“Ningekuja na nini? Mtu haji tu hivi hivi.”

“Watu wanakuja hivi hivi, Murty. Dunia nzima inakuja hivi hivi. Packie amevuka mlima mzima hivi hivi, na unamjua Packie.”

Kuku waliendelea na makombo yao. Murty aliitazama mikono yake, akaona vumbi la chaki kwenye kidole gumba, akaifuta kwenye suruali, na suruali nayo ikachafuka.

“Usiende Boston,” alisema.

“Kwa nini?”

“Kule kuna baridi.”

“Na hapa kuna nini?” Delia aliuliza, na upepo wa baridi wa Februari ukalipeperusha koti lake kumsaidia.

“Ni mbali.”

“Meli inajua njia.”

“Na nani atakuwa ananipiga burashi kwenye...”

Alijua kabla ya kumaliza kwamba amekosea. Uso wa Delia ulifungika.

“Nunua,” alisema. “Itakuwa ya tano. Unazo nne, mbili za nywele za farasi. Mama yako aliniambia mwaka ule wa kwanza kabisa, Mungu amrehemu. Alikuja mpaka hapa kuniambia. Alidhani nitakuona mwongo nikufukuze.”

Miaka kumi na mmoja! Alijua tangu siku ya kwanza, na kila mwaka aliishusha burashi yake bila neno. Murty alitaka kucheka na hakuweza. Aliona kwamba visingizio vimekwisha, hana hata kimoja mfukoni, na amebaki na kile tu alichokuja nacho.

“Sitaki uende,” alisema. Sauti ilimkatika, akaanza upya. “Mwaka mzima naingoja siku hii moja, Delia. Siku nyingine zinapita tu, nashona, nakula, nalala. Jumanne nilikuwa na maneno yote, yako kwenye ulimi, nikakuona umeshika kikaango nikaogopa utasema hapana, na ukisema hapana hata hii Jumapili sitakuwa nayo. Basi. Ndiyo hivyo. Nakupenda na mimi ni mwoga.”

Delia alimgeuzia mgongo, akaelekea mlangoni kwenda kuitundika burashi kwenye msumari wake. Na Murty akaona.

Walikuwa wamemchora toka kola hadi pindo. Chaki nene ya shule, misalaba miwili iliyopinda, na chini yake kitu cha masikio marefu. Lile koti la kahawia Murty alilishona yeye, miaka minane iliyopita. Alijua kila mshono wa mgongo ule, alijua mahali alipopunguza kitambaa ili kikae vizuri mabegani. Tangu siku ya kumpima hakuwahi kuutazama tena.

“Delia,” alisema. “Wamekuchora.”

“Ulidhani mimi nani, mke wa mtu? Huwa wananichora kila mwaka.”

“Huwa anakupiga burashi nani?”

“Hakuna.” Alikuwa bado ameelekea mlangoni. “Huwa nalivua ukishaondoka, nalipiga kwenye ukuta wa banda.”

Murty alisimama palepale. Jumapili kumi na moja alikuwa ameingia kwenye ua huu akigeuka kabla ya salamu, akimwonyesha mgongo wake na kusimulia alivyoonewa, na nyuma yake mwanamke aliyechorwa vilevile alimsafisha, akampa chai.

“Nimechorwa mara ishirini na mbili, Murty,” Delia alisema, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. “Za kwanza zilikuwa bahati mbaya. Kumi na moja za mwisho ni zako.”

Murty alitembea hatua nne mpaka mlangoni, akaichukua burashi mkononi mwa Delia.

“Simama hapo hapo,” alisema.

Alianza mabegani. Alipiga burashi kwa mkono wa fundi, kufuata uzi wa kitambaa, akishika kola kwa vidole viwili ili isivutike. Chaki ilipaa ikawaingia wote wawili puani. Hakusema neno na hakufanya haraka, na alipofika kwenye masikio ya punda alipiga goti moja kwenye tope la uani, na suruali yake nzuri, akaendelea. Macho yalimtoka machozi. Angeweza kusema ni vumbi, na hakusema.

“Taratibu,” Delia alisema juu yake. “Hupigi gunia.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kisha, huku bado anautazama mlango, Delia Marrinan, ambaye alizijua sikukuu zote za mwaka kwa tarehe na aliwahi kumsahihisha padri mwenyewe mbele ya watu, akauliza:

“Pasaka mwaka huu ni lini?”